Kamba ya Nguo

Siku hizi naanika usiku.
Upepo wa mchana unatoka kiwandani,
na shuka jeupe likikaa juani saa mbili
hurudi na rangi ya kikohozi.

Mimi ni Nurhaeda, dobi wa Watumbeo, Sulawesi.
Nafua sare za watu mia moja na arobaini:
za buluu, wanaoyeyusha nikeli,
za kijivu, wanaopakua makaa ya mawe,
na shati moja jeupe, la mkalimani Mchina,
linaloninyima usingizi.

Mashine zangu nne hazijui kulala.
Umeme wake watoka kwenye dohani tatu zile zile
zinazotema masizi juu ya kamba yangu.
Basi nafua kwa makaa uchafu wa makaa,
nalipwa, kisha nalipia umeme.
Mume wangu Lasabbi aliicheka hesabu hii
mpaka kikohozi kikamkatiza.

Nisiseme uongo. Zamani hapakuwa peponi.
Tulikuwa na jenereta ya msikiti,
taa tangu magharibi hadi saa nne, basi,
na mwaka ule nyoka alipomgonga mama mkwe
dawa ilikuwa imeharibika ndani ya friji iliyozimwa.
Anayelilia giza hajawahi kuzalishwa kwa tochi.
Mimi nimezalishwa kwa tochi.
Rusdin alipotoka, mkunga alikuwa ameibana kwa meno.

Sasa Rusdin ana pikipiki, ana mkopo,
ana kofia ngumu yenye jina lake.
Anaupika udongo mwekundu wa mlima wetu
uende ukawe betri. Alinionyesha kwenye simu:
gari linapita kimya katika mji wenye miti,
mwanamke anaendesha, kioo kimeshushwa,
nywele zinapepea.
"Halina moshi, Mama."
Niliitazama video ile mara tatu
nikiutafuta moshi wake.
Kisha nikatoka nje kuanua nguo.

Jumanne Bwana Prasojo alikuja kutoka Jakarta
na vipaza sauti, na wali kwenye maboksi.
Alisema nchi inakimbia,
na anayekimbia hainami kufunga viatu.
Jua litafuata, alisema, na maporomoko ya maji,
ikifika mwaka fulani.
Mwaka huo nimeuandika kwenye kifuniko cha ndoo ya sabuni.
Nitakuwa na miaka sabini na miwili.

Tasmiah, muuza mboga, akauliza:
"Mkimaliza kukimbia, mtatukuta wapi?"
Watu wakapiga makofi. Wali ukagawiwa.
Halafu ikaja dohani ya nne,
wanaoitaka wanyooshe mikono.

Mkono wangu ulikuwa na bei ya mashine ya tano.
Ulikuwa na kifua cha Lasabbi pia.
Niliuinua nusu,
kama mtu anayesimamisha gari
asilo na hakika kama linakwenda kwao,
na karani, kijana mwenye haraka,
akanihesabu.

Sikumsahihisha.
Hilo ndilo ninalolifua kila usiku na halitakati.

Jana saa nane za usiku umeme ulikatika.
Mashine zikanyamaza, sare zimelala majini.
Kule ng'ambo kiwanda kiling'aa vile vile,
kina waya wake, hakigawani giza na mtu.
Lasabbi akaamka kwa sababu ya ukimya.
Hakuuliza kitu. Akakunja mikono ya kanzu,
tukaanza kukamua, moja baada ya moja,
hadi shati la mkalimani:
yeye ameshika huku, mimi kule,
tukalisokota kama watu wanaogombania kitu
na hakuna anayetaka kushinda.

Maji yaliyotoka yalikuwa meusi.
Ama ulikuwa usiku tu.
Tochi ilikuwepo mfukoni mwangu.
Sikuiwasha.